Dakika Kumi na Moja za Tangi la Tisa

1

Yule mama aliingia mapokezi ya kiwanda siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, amelowa mvua ya Tukuyu na begani kabeba mfuko wa mchele wa Kyela. Aliutua mfuko taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ulikuwa na ngozi laini isiyo na unywele hata mmoja.

Tusekile Mwaijande alikuwa anapita kuelekea ofisini kwake, kishikwambi kwapani. Aliitambua ngozi ile mara moja. Ilikuwa imeota humo humo kiwandani, katika mojawapo ya matangi kumi na mawili, kutoka kwenye chembe za mama huyu mwenyewe. Kwa miaka mitano Tusekile alikuwa amehesabu ngozi za namna hiyo kwa mamia, lakini hakuwahi kuiona hata moja ikiwa imevaliwa na mtu.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Lugano Mwakibinga. Nimekuja kumshukuru mtu wa simu."

"Mtu wa simu?"

"Sijui jina lake lote. Aliniambia ni Gwamaka wa matangi."

Binti wa mapokezi alimtazama Tusekile, naye Tusekile akatazama mfuko wa mchele. Kiwanda hakikuwa na mtu wa simu. Hilo alilijua kuliko yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyechora kila kazi iliyofanyika mle ndani.

Wakakaa kwenye benchi. Mama Lugano akaeleza kwamba alikuwa mpishi wa shule, na mwaka uliopita sufuria kubwa la uji lilimmwagikia. Hospitali walichukua kipande cha ngozi yake kidogo kuliko ukucha, wakamfunga bandeji, wakamwambia arudi nyumbani asubiri siku kumi na tisa, maana vitanda vilikuwa vichache. Siku ya nne maumivu yalimzidi. Siku ya sita majirani wakamwambia ngozi ya kwenye tangi huoza mwilini. Siku ya saba alikwisha amua kwamba hatarudi hospitali kamwe.

"Siku hiyo hiyo simu ikaita," alisema. "Mwanamume. Akaniambia, mama, mimi ndiye ninayeitunza ngozi yako, leo imefika upana wa kiganja. Nikakata. Baada ya siku mbili akapiga tena. Akaniuliza nimekula nini. Basi, akawa anapiga. Siku ya kumi na nane akaniambia, kesho inatoka, ikishatoka inaishi saa thelathini tu, usipotokea itakufa, nami nimekwisha izoea." Akanyoosha vidole vyake, akavikunja, akavinyoosha tena. "Nilikwenda kwa kumwonea haya."

Tusekile alimfahamu Gwamaka Mwasomola. Na alifahamu pia kwamba Gwamaka hakuwa tena kwenye matangi. Alikuwa amehamishiwa bohari ya kuoshea masanduku baridi, miezi minne iliyopita, kwa sahihi yake yeye Tusekile.

2

Alijifungia ofisini akafungua Ramani Hai.

Ramani ilitandaa ukutani, visanduku na mishale, kuanzia kipande cha ngozi kinapopokelewa mlangoni hadi utando uliokomaa unapokabidhiwa dereva. Kila mfanyakazi alivaa bangili, na kila alichofanya kilionekana hapo kama nukta inayotembea kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kila Jumatatu Ramani ililinganisha hatua zote na vipimo vitatu: siku za kuotesha, uzima wa ngozi, na upotevu. Hatua ambayo haikugusa kipimo chochote kwa siku tisini iliwekwa kwenye orodha ya kuondolewa. Mchoraji akitia sahihi, hatua inaondoka, na kazi za watu zinapangwa upya siku hiyo hiyo.

Kwa njia hiyo siku thelathini na moja za kuotesha ngozi zilikuwa zimeshuka hadi kumi na tisa. Watu walipona kwa sababu ya Ramani, na Tusekile hakuwahi kuona haya kusema kwamba aliipenda kazi yake.

Alirudi nyuma hadi Jumatatu aliyoitafuta. Mstari wa sita wa orodha ulisomeka: *Mtunza matangi, kusimama bila kazi, tangi la tisa, dakika kumi na moja kila zamu. Athari kwa matokeo: hakuna.* Chini yake sahihi yake. Siku ile orodha ilikuwa na mistari arobaini, naye alikuwa amesoma ya mwanzo mitatu.

Mbona tangi la tisa? Alishuka akaenda kusimama pale. Lilikuwa karibu na dirisha. Kuta za chumba cha matangi zilikuwa na mabati mazito ya kuzuia joto, na simu yake, iliyokuwa imekufa tangu mlangoni, ikashika mtandao palepale.

Akarudi juu na kufanya jambo ambalo halikuwa katika majukumu yake. Aliiandikia hospitali kuomba rekodi za wagonjwa waliopangiwa kuvishwa ngozi. Kiwanda kilikuwa na ramani yake na hospitali ilikuwa na ya kwake, na hakuna aliyekuwa akiziweka pamoja. Majibu yakaja baada ya chakula cha mchana. Mwaka ule wote Gwamaka alipokuwa kwenye matangi, ngozi mia mbili na thelathini zilipelekwa, na nne zikatupwa kwa sababu mgonjwa hakufika. Katika miezi minne tangu aondolewe, ngozi sabini na sita zilipelekwa. Zilizotupwa zilikuwa kumi na saba.

Kwenye Ramani yake zote kumi na saba zilikuwa na alama ya kijani. *Imetoka salama.* Kwenye ramani ya hospitali zilikuwa na alama ya kijivu. *Mgonjwa hakufika.* Kila upande ulikuwa umefanya kazi yake vizuri.

Tusekile alifunga macho kwa muda. Kisha akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama mmoja wa Kyela aliyeamua kubeba mchele kwenye mvua kuja kumtafuta mtu asiye na hata kisanduku kwenye Ramani.

3

Gwamaka alikuwa anaosha masanduku, mikono ya shati kaikunja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo sasa Tusekile aliisikia kwa sikio jingine.

"Kaka Gwamaka, kuna mama Lugano juu. Amekuletea mchele."

Gwamaka akazima maji. "Ule mkono umepona?"

"Umepona. Anaukunja na kuukunjua."

Alicheka kidogo, akageuka upande wa ukuta.

"Kwa nini hukusema?" Tusekile aliuliza. "Siku wanakuhamisha, ungeniambia dakika zile ni za nini."

"Ningekuambia ungefanyaje, dada? Ungeiandika." Alisema bila hasira. "Ngozi ya kwanza niliyoilea hapa, mwenyewe hakufika. Ikarudishwa, nikaambiwa niitupe. Siku kumi na tisa nimeiangalia, halafu nikaitia kwenye ndoo. Lebo ya tangi ina namba ya simu ya nyumbani kwa mgonjwa. Nikasema mwenye tangi linalofuata nitampigia. Hakuna aliyenituma."

"Nataka kukurudisha."

"Nirudishe. Ila usiiandike. Ukiiandika, bangili itaanza kunihesabia. Utakuja na karatasi ya maneno ya kusema. Kisha mtasema dakika kumi na moja ni nyingi, sita zinatosha. Kisha mtaleta mashine yenye sauti kama yangu." Akachukua sanduku jingine. "Mama yule alikuja kwa sababu alijua kuna mtu anayempigia kwa hiari yake."

Tusekile alitaka kumbishia, lakini kila alilosema Gwamaka alikuwa amewahi kulifanya yeye mwenyewe, kwa hatua nyingine na kwa watu wengine.

"Ndaga, kaka," alisema. Ni neno la kwao Wanyakyusa la kushukuru, na hutumika pia kumpa mtu pole. Alilikusudia kwa maana zote mbili.

4

Daktari Hobokela Mwansasu, mkurugenzi wa kiwanda, alisikiliza habari yote huku amesimama. Alikuwa mwanamke asiyependa kukaa. Tusekile alipomaliza, Hobokela alitazama takwimu za hospitali, akazitazama tena, na uso wake ukabadilika.

"Kumi na saba," alisema. "Na sisi tulikula keki mwezi uliopita kwa kuwa wa kwanza nchini."

"Ndiyo, Daktari."

"Basi mrudishe leo. Andika dakika kumi na moja za kupoza kifuniko cha tangi. Hatua ya kiufundi, Ramani haitaigusa. Gwamaka anapata dakika zake, wagonjwa wanapata simu, na hakuna atakayemwingilia. Nani atauliza?"

Tusekile hakutegemea wema wa namna ile, na kwa dakika nzima alikaa nao. Ulikuwa na kila kitu. Ulimpa Gwamaka alichoomba. Tena Baraza la Upimaji, linalopanga nafasi za viwanda vya ngozi nchini, lilikuwa likigawa matangi mapya mwezi ule, na kiwanda cha kwanza kingepata manane. Sahihi moja tu.

"Ramani yetu inanakiliwa na viwanda vinane," alisema mwishowe. "Kila tukibadili, wanabadili. Nikiandika kupoza, Jumatatu ijayo kuna watu wanane nchini watasimama dakika kumi na moja mbele ya kifuniko cha baridi, wanakitazama. Na wagonjwa wao wataendelea kutofika."

Hobokela akaweka kishikwambi mezani.

"Dakika hizo wamekwisha ziondoa na wao," Tusekile aliendelea. "Waliziondoa kwa sababu yangu. Kama kulikuwa na mtu mwingine kama Gwamaka mahali, naye yuko bohari sasa hivi."

"Unataka kufanya nini?"

"Kosa ni mpaka. Niliuchora mchakato uanzie mlangoni kwetu uishie kwa dereva. Nataka uanze siku mtu anapoungua, uishe siku anapoweza kutumia mkono wake. Hospitali iwe ndani. Nyumba ya mgonjwa iwe ndani, ipewe mstari wake kwenye Ramani kama sisi."

Hobokela alikuwa mwepesi wa hesabu. "Siku kumi na tisa zitakuwa sitini na kitu. Na upotevu wetu utakuwa zaidi ya moja kwa tano. Tutaanguka hadi wa saba, wa nane. Matangi manane yatakuwa matatu." Sasa alikaa. "Matano yatakwenda mikoa mingine, sawa, kuna watu huko pia. Lakini hapa ni watu tisini na tano kwa mwaka, Tusekile. Watasubiri zaidi, na majeraha hayasubiri. Utawaambia nini?"

"Sijui," alisema Tusekile. "Na sisi tunatupa hamsini na moja kwa mwaka, wala hakuna aliyewaambia wenye ngozi hizo kitu."

Hobokela alisukuma kishikwambi kikamrudia Tusekile.

"Sitakuzuia," alisema. "Lakini watakaosubiri, wewe ndiye utakayewapa habari. Si ujumbe wa simu. Wewe."

5

Baraza lilikaa kwa njia ya video, wajumbe watano ukutani, kila mmoja kutoka mkoa wake. Tusekile aliwaonyesha ramani mpya. Ilikuwa mbaya kwa macho. Ile ya zamani ilikuwa fupi na imenyooka. Hii ilizunguka, ikapita barabara za vumbi, ikaingia majikoni na vitandani mwa watu, ikawa na mishale mingi iliyoandikwa *haijulikani*.

Aliwaeleza juu ya zile kumi na saba. Hakumtaja mwingine aliyekosea zaidi yake mwenyewe.

Kisha akawaonyesha kisanduku kimoja kilichokuwa kitupu. Ndani yake kulikuwa na maneno machache tu: *Mtunza matangi. Dakika kumi na moja. Bangili inavuliwa.*

"Hiki ni nini?" aliuliza mjumbe kutoka kusini, mzee mwenye miwani.

"Ni muda wa mtunza matangi. Ramani haipimi anachofanya humo. Inapima tu, kwa wagonjwa wote kwa pamoja, wangapi wamefika."

"Tuliiomba Ramani yenyewe itoe pendekezo," alisema mjumbe mwingine. "Baada ya wewe kupanua mpaka, imeona kwamba mawasiliano na nyumba ya mgonjwa ndiyo yanayobeba matokeo. Inapendekeza sauti ya mashine, sekunde arobaini, mara mbili kwa siku. Ni rahisi, na haichoki."

"Nimeliona pendekezo," alisema Tusekile. "Hospitali ilikuwa inatuma ujumbe wa mashine muda wote huu. Wale kumi na saba waliupata."

Mzee wa kusini alivua miwani. "Bi Tusekile, mtu akivua bangili, utajuaje kwamba hazungumzi na mkewe?"

Tusekile akasema ukweli. "Sitajua, mheshimiwa. Miaka mitano nimejua kila hatua ya kila mtu humu ndani, na kitu kilichokuwa kinawaponya watu sikukijua. Naomba niruhusiwe kutojua dakika kumi na moja."

Baraza lilijadiliana faraghani kwa saa nzima. Tusekile alibaki akitazama ukuta mtupu. Hakuwa na hofu kama alivyodhani. Alikuwa akimfikiria Gwamaka, mwaka ule wote, akisimama dirishani kumbembeleza mtu asiyemjua ale chakula, na akaona jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa amelelewa na kazi ya mtu yule. Sifa zote za kiwanda, hata zake, zilisimama juu ya dakika zile.

Wajumbe waliporudi, mzee wa kusini ndiye aliyesoma uamuzi. Mpaka mpya umekubaliwa, na viwanda vyote tisa vitapimwa kwa mpaka huo kuanzia mwaka unaofuata. Kisanduku kitupu kimekubaliwa kwa mwaka mmoja wa majaribio. Kiwanda cha Tukuyu, kwa takwimu kilizoleta chenyewe, kimeshuka hadi nafasi ya saba. Matangi mapya ni matatu.

"Na Baraza linakushukuru," aliongeza mzee, bila kutazama karatasi.

6

Gwamaka alirudi kwenye matangi siku ya Ijumaa. Tusekile alimweleza kisanduku kilivyo, akamwomba radhi kwa kuwa alikuwa ameandika, ingawa aliombwa asiandike. Gwamaka aliisoma ile mistari mitatu ukutani mara mbili.

"Haisemi kupiga simu," alisema.

"Haisemi."

"Nikitaka nikae nitazame mvua?"

"Utatazama mvua."

Alifungua bangili yake, akaitia mfukoni kama anayejaribu kiatu kipya. "Basi hapo sina neno, dada Tuse. Ahsante." Kisha akaenda kwenye tangi la kwanza kusoma lebo.

Jumatatu, Daktari Hobokela aliingia ofisini kwa Tusekile na orodha. Majina matano, watu ambao wangeingia kwenye matangi mapya wiki ile kama yangekuwa manane. Hakusema neno la lawama. Aliiweka mezani, akamshika bega Tusekile mara moja, akatoka.

Jina la kwanza lilikuwa la msichana wa miaka kumi, Neema Kajula, aliyeungua mgongo na bega. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya baba yake, Ambakisye, kule Busokelo.

Tusekile alishuka chumba cha matangi ilipofika saa kumi jioni. Gwamaka alikuwa upande wa pili anapima joto, akampisha bila kuuliza. Tusekile alivua bangili, akasimama dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alihisi mikono yake haina mahali pa kukaa. Akapiga.

"Baba Neema? Naitwa Tusekile. Napiga kutoka kiwanda cha ngozi."

"Ndiyo, mama. Tuje?" Sauti ilikuwa ya haraka, ya mtu aliyekuwa akingojea. "Tumeshafunga mizigo."

"Hapana, baba. Bado. Nimepiga kukuambia kwamba zamu yake imesogea. Ni wiki tatu zaidi."

Upande wa pili Tusekile alisikia kuku, na mtu akitwanga kitu.

"Wiki tatu," alisema yule baba.

"Ndiyo. Na ni uamuzi nilioufanya mimi, nikijua kuna watu watasubiri. Kuna sababu yake, nitakueleza yote ukitaka. Lakini sikutaka uisikie kwa ujumbe."

Alimweleza. Alitumia maneno mengi mno, akarudia mengine. Ambakisye hakumkatiza. Alipomaliza, yule baba alivuta pumzi ndefu.

"Mimi sijaelewa mambo ya ramani," alisema. "Na sitakudanganya, mama, nimeumia. Mtoto analala kifudifudi tangu mwezi uliopita. Lakini tangu tutoke hospitali hakuna mtu aliyetupigia. Hata mmoja. Nilikuwa nimeanza kufikiri mmetusahau. Ahsante kwa kupiga."

"Hatujawasahau, baba," alisema Tusekile.

"Utapiga tena?" aliuliza Ambakisye.

"Kila siku mbili. Mpaka siku mnayokuja."

"Basi subiri, nimpe mwenyewe. Yuko hapa ananivuta shati."

Simu ilikwaruza, ikapita mkono hadi mkono. Kisha ikaja sauti ndogo, makini, ya mtu aliyekuwa na swali moja kwa muda mrefu na hakuwa na wa kumuuliza.

"Shikamoo. Ngozi mtakayonipa, ilikuwa ya nani?"

"Marahaba, Neema," alisema Tusekile. "Haikuwa ya mtu yeyote. Itaota kutoka kwako. Ni yako."

Msichana alifikiri.

"Haya," alisema. "Basi nitaingoja."